Kipande cha Mwenye Mkahawa

Eda ya Mize ilikwisha Jumatano. Kesho yake alasiri, baada ya kurudisha basi la shule kwenye yadi ya kaunti, aliendesha gari lake mpaka Kwa Anselmo kuchukua vitu vya marehemu mumewe. Havikuwa vingi: kisu, aproni ya ngozi, na viatu vyeusi vya kazini. Aliegesha mbele ya duka la Wakorea linalouza mito na mashuka, akachukua mfuko wa plastiki kwenye kiti cha nyuma, akaingia.

Mkahawa ulikuwa umekarabatiwa. Dari lilikuwa jipya na kuta zimepakwa rangi, lakini picha za timu za mpira za Argentina zilikuwa zimerudishwa palepale, na yale majagi ya mvinyo yenye umbo la pengwini yalikuwa yamepangwa tena kwenye rafu. Jiko lilikuwa mwisho wa ukumbi, wazi, ili kila mteja aone nyama yake inavyochomwa: moto wa kuni upande mmoja, wavu mrefu wa chuma upande wa pili. Mbele ya wavu alisimama Othman, marehemu mumewe, anavuta makaa kwa reki ndogo na kuyatandaza chini ya mbavu.

"Umekula?" alimwuliza.

"Bado," alisema Mize.

"Basi kaa. Hizi bado kidogo."

Mize alikaa kwenye meza iliyo karibu na jiko. Nyaguthii, mhudumu aliyetoka Nyeri na aliyefanya kazi na Othman tangu enzi za mzee Anselmo mwenyewe, alimletea maji na mkate.

"Tulidhani unajua, Auntie," alisema. "Tangu tufungue tena yuko hapa. Hata ha-clock in. Moto ukiwashwa, yuko. Ukizimwa, hayuko."

"Sikuambiwa."

"Pole sana. Nikuletee ile sosi ya majani na siki?"

"Lete."

Othman alikuwa mtu wa Mombasa, na uchomaji alifundishwa na mzee Anselmo, Mwargentina aliyefungua mkahawa huo hapa Annandale, Marekani, wakati barabara ile ilikuwa bado na nyumba za kukaa watu. Mzee alimpenda kiasi cha kukubali kununua nyama kwa mchinjaji wa Kiislamu, ili mchomaji wake aweze kuonja anachokichoma. Alipozeeka na kurudi kwao kufa, mkahawa ulibaki kwa mkwewe, Mark. Mark hakuwa mkali wala hakuwa mchoyo wa maneno matamu. Alikuwa mtu wa kuahirisha. Dohani ilikuwa imejaa masizi na mafuta, Othman akamwambia, Mark akasema wiki ijayo.

Siku mkahawa uliposhika moto na Othman akafa ndani, Mark aliwaambia watu wa bima na mwandishi wa gazeti la mtaa kwamba mchomaji wake alikuwa amelewa. Alisema kwa huzuni, mkono kifuani. Alisema nguo za marehemu zilinuka mvinyo, na kweli zilinuka. Gazeti likaandika. Habari ilifika msikitini kabla ya maiti, na ilifika Mombasa kabla ya arobaini. Mama yake Othman, ambaye hajawahi kuruhusu hata chupa ya siki iwekwe ndani kwake, aliacha kupokea simu ya Mize. Hakumtukana. Aliiacha tu ilie.

Mbavu zilipoiva Othman alizileta mwenyewe mpaka ukingoni mwa jiko, na Mize akasimama kuzipokea, kwa sababu mumewe hakuweza kupita pale matofali yalipoishia.

"Nje ya moto huu sishiki," alimweleza. "Nilijaribu kuja nyumbani. Nikifika kwenye zile meza za katikati nakwisha."

"Ulikunywa?" aliuliza Mize. Lilikuwa swali ambalo alikuwa amelilaza kitandani muda wote wa eda, upande ule wa mume.

Othman alimtazama. "Nilikwenda stoo kuchukua kuni. Dohani ikashika moto, moshi ukajaa ule ujia, sikuweza kurudi mbele. Nikaenda mlango wa nyuma. Una mnyororo. Mark aliufunga mchana ule kwa sababu jokofuni kulipungua nyama, akadhani sisi ndio tunaipitisha huko. Nikaupiga mateke mpaka rafu ya mvinyo ikaniangukia. Zimamoto walipofika, mnyororo haukuwapo tena. Aliutoa yeye, kwa nje, wakati mimi bado nakohoa ndani. Kisha akaurudisha mlango. Nilimsikia."

Mize alikula mbavu mpaka mifupa. Zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kula, na hilo lilimuudhi zaidi.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa wakili. Wakili aliitwa Audrey, Mmarekani mweusi mwenye ofisi ghorofani mtaa wa Shaw, mjini, aliyesoma Kiswahili chuo kikuu cha jirani na kukipenda. Alikizungumza polepole, kila neno limenyooka.

"Bibi Mize, ninakuamini," alisema. "Lakini shahidi lazima aape, na ili aape lazima awe na kitambulisho halali. Leseni ya udereva ya mumeo ilifutwa siku aliyofariki."

"Na akiapia palepale jikoni?"

"Niliuliza. Mahakama haihamii jikoni."

"Na Nyaguthii? Alikuwapo siku ile."

"Nimempigia. Anasema alikuwa chooni."

Mize alishuka ngazi, akapanda treni mpaka alikoacha gari. Njia nzima hakulia. Alikuwa anafikiria kipande cha kwanza.

Kwa Anselmo palikuwa na desturi iliyoachwa na mzee. Mwenye mkahawa alipita mezani, na kwa wateja wa siku nyingi alikata kipande cha kwanza cha nyama yao akakila mbele yao, kuonyesha kwamba halishi watu kitu asichokila yeye. Mark aliishika desturi hiyo kwa sababu wateja waliipenda. Walikuja kutoka mjini na Arlington, wakapiga picha.

Ijumaa Mize alivaa buibui lake jipya na kwenda kula. Binti yao Tasnim, anayesoma chuo hapo hapo Annandale, alikataa kumfuata. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hawezi kumlipa mtu aliyemuua baba yake ili aangalie baba yake anavyofanyishwa kazi. Mize alichukua funguo.

"Baba Tasnim," alimwambia mumewe alipofika kwenye jiko, "iharibu nyama."

"Nyama ya nani?"

"Ya wote. Iunguze. Watu waondoke, pafe hapa."

Othman aligeuza soseji moja moja. "Mteja amenikosea nini?"

"Basi, ya Mark. Kipande chake tu."

Othman alikuwa mtu ambaye, uhai wake wote, hakuwahi kumpa mtu nyama mbaya, hata waliomtukana.

"Mama ameacha kupokea simu," alisema Mize. "Mama yako. Anaamini."

Othman aliweka koleo chini. Alikata kipande kutoka ubavuni, kinono, chenye ukoko wa chumvi, akakipitishia kidole gumba mara moja, kama anayefuta vumbi kwenye picha. Akakilaza juu ya nyama nyingine za sahani ya Mize, akampa Nyaguthii apeleke.

Mark alikuja na tabasamu lake. "Mize, karibu sana. Tunamkumbuka kila siku," alisema, na Othman yuko hatua chache nyuma yake, anafuta kisu. Mark alichoma kipande kwa uma akakitia mdomoni, akatafuna. Akaacha kutafuna. Kilikuwa majivu. Aliyameza kwa sababu wateja walikuwa wanatazama, akasema ni tamu, akaenda meza ya pili, na kipande cha meza ya pili kikawa majivu pia.

Tangu siku hiyo kila alichotia mdomoni kiligeuka majivu. Kahawa yake ilikuwa majivu yaliyochanganywa na maji ya moto. Mkewe alimpikia wali, majivu. Walipokwenda kwa daktari wa meno huko Fairfax, hata dawa ya kusukutulia ilitoka kijivu. Daktari aliandika neno refu na kumshauri apunguze nyama choma. Mark alikonda. Suruali alizifunga kwa mkanda wa mwanawe. Mize alikuja kila Ijumaa, akakaa meza ileile, akaagiza, akamtazama anavyokula. Usiku wa Ijumaa alilala vizuri kuliko siku nyingine zote za juma.

Ijumaa moja Mark alivuta kiti akakaa mbele yake bila kuombwa.

"Ni wewe au ni yeye?" aliuliza.

"Ni sisi."

"Unataka nini?"

"Simama pale kaunta watu wakijaa. Sema Othman hakulewa. Sema mlango ulikuwa na mnyororo, na nani aliufunga, na nani aliutoa. Kisha kaa ule chakula chako."

Mark alitazama mikono yake. "Watu wa bima watachukua kila kitu. Na ule mnyororo ni jela."

"Najua."

"Nina watoto."

"Na yeye anaye," alisema Mize.

Ijumaa iliyofuata ukumbi ulijaa. Kulikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa kwenye meza ndefu, wazee wawili Waargentina wakicheza karata kwenye kona yao, na vijana waliotoka mjini. Mark alikwenda kaunta, akachukua glasi na kuigonga kwa kijiko. Watu wakageuka. Nyaguthii alisimama na trei mikononi. Jikoni Othman aliacha reki, na moto wenyewe ulitulia, hakuna kuni iliyolia.

"Marafiki," alisema Mark. "Mnajua mwaka huu tulipata msiba." Uso wake ulikuwa umelowa. "Kuna jambo nilipaswa kulisema siku nyingi."

Kwa kitambo kile Mize alimwonea huruma, na huruma ile ilimtisha, akaishika meza.

"Mchomaji wetu Othman," alisema Mark, "alikuwa." Akatazama ukumbi, meza kwa meza, dari jipya, taa. "Alikuwa kama ndugu yangu. Na kwa heshima yake, leo kastadi ya karameli ni bure kwa wote."

Watu walipiga makofi. Wale wazee wawili walifuta macho. Mark alirudi akakaa mbele ya Mize, na Nyaguthii, bila kuinua uso, akawaletea kastadi mbili. Mark alichukua kijiko. Alikula yake yote, polepole, majivu meusi yakimtoka kwenye pembe za mdomo, akakwangua sahani mpaka ikang'aa.

"Nimechagua," alisema, akapangusa mdomo kwa kitambaa cha meza.

Othman aliokota reki, akaendelea na kazi, kwa kuwa meza ndefu ilikuwa bado haijapata figo.

Majira ya joto gazeti moja la mjini liliusifu mkahawa kwa moto wake, ambao mwandishi alisema una kitu cha huzuni ndani yake kisichopatikana kwingine. Watu walipanga foleni mpaka kwenye duka la mashuka. Mark alikodisha jengo huko Manassas, karibu na stesheni, afungue tawi. Alimwomba Othman awe anakwenda kule Jumamosi, kwa kuwa kule nako kutakuwa na kuni zilezile. Othman alimjibu kwamba Jumamosi treni ya huko haiendi. Mark alisema atatafuta njia nyingine, na akaiacha habari hiyo mpaka wiki ijayo.

Ijumaa ile Mize aliagiza utumbo na ubavu. Tasnim alikuja naye kwa mara ya kwanza. Alikaa kitako kabisa ukingoni mwa jiko, juu ya matofali, akimweleza baba yake kwa Kiingereza kwamba ameshindwa mtihani wa kuendesha gari, na baba yake akimfundisha kwa Kiswahili jinsi ya kuegesha kinyumenyume, mikono yake miwili imeshika usukani ambao haupo.

Mark alifika mezani, akakata kipande chake, akatafuna. Kisha akakata cha pili ambacho desturi haikukitaka. Akanyunyiza chumvi, akavuta bakuli la sosi ya majani karibu yake, akachovya. Alikula majivu yake kwa utulivu, kama mtu aliyetoka kazini. Mize alimtazama shingo, akatazama mikono, akatazama mkanda, ambao sasa ulikuwa wake mwenyewe na umefungwa kwenye tundu la nje.

Mark alikuwa ananenepa.

Mize alisukuma sahani mbele yake, akageuka kuelekea jikoni.

"Baba Tasnim," alisema, "mwongeze."