Nyusi za Mwalimu Sikazwe

Usiku wa jana niliota nimerudi darasa la tano nikiwa na umri wangu huu wa miaka ishirini na mbili, magoti yamebanwa chini ya dawati.

Mwalimu Sikazwe hakuwa na mdomo. Mahali pake palikuwa na ngozi tupu, imenyolewa vizuri. Hakuna aliyeshangaa, maana hata zamani alitufundisha kwa nyusi. Ukipanda mmoja, unakaa. Zikipanda zote mbili, unakwenda nje kupiga magoti.

Ubaoni pameandikwa: SAA YANGU IMEIBIWA. ATAKAYEINAMISHA MACHO NDIYE MWIZI.

Unyusi wa kushoto ukashuka usoni, ukatambaa kama kiwavi hadi kwenye dawati langu.

“Atuganile,” ukaniambia, “mwalimu anakuja. Mwangalie usoni.”

Nikaujibu kwamba siwezi. Bibi aliyenilea alinifundisha kuwa mtoto hamkodolei macho mkubwa.

“Hayo mweleze mwenyewe.”

“Nilinyoosha mkono nimweleze.”

“Lini?”

“Miaka kumi iliyopita. Bado nimeunyoosha.”

Unyusi ukatazama juu. Mkono wangu umetoboa dari, na ndege wamejenga kiota kiganjani.

Mwalimu anafika. Darasa linakuwa jiko la bibi, na bibi yuko mafigani anapuliza moto. Anasema bila kugeuka, “Inamisha macho, mama. Mkubwa amesimama.”

Macho yangu yanatii. Yanadondoka, yanabiringika hadi kwenye viatu vya mwalimu. Unyusi unarukia mahali pake, na zote mbili zinapanda.

Sasa niko uwanjani, nimepiga magoti kwenye changarawe nyekundu mbele ya wenzangu. Saa inalia. Inalia ndani ya mfuko wa koti la mwalimu, na kila mtu anaisikia. Wenzangu wanatazamana, wanabinyana, wanakohoa. Hakuna anayenyoosha kidole. Vidole vyao vimefungiwa ofisini hadi mwisho wa muhula.

Nikapapasa, nikaokota macho yangu, nikayapangusa kwa sketi, nikayarudisha. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamwangalia mwalimu usoni.

Yeye akainamisha yake.

Nikangoja. Kule darasani nikasikia ubao ukijifuta wenyewe. Nyusi zikapanda tena, taratibu, zikanionyesha njia ya nyumbani. Ilikuwa njia ile ile niliyoishika siku ile ya kweli, nilipoambiwa nisirudi bila mzazi. Sikuwa na mzazi. Nilikuwa na bibi, naye alikuwa haamki tena kitandani.

Nimeamka alfajiri. Chumba ninacholala kina sakafu ya saruji, na uani ni nyasi tupu. Lakini kwenye goti langu la kulia kulikuwa na changarawe tatu nyekundu, zimezama ngozini.

Mama ninayemfanyia kazi alinikuta nikizitazama, akaniuliza nilikuwa wapi usiku.

Nikainamisha macho.