Meno ya Bendera

"Usilie kwanza, Nyanchoka. Niambie unaona nini."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanisa, sikio moja nimeliziba kwa kidole ili nyimbo za ndani zisinizuie kusikia. Simu ilikuwa ya Tata. Maisha yangu yote sikuwahi kuona simu ya baba yangu ikiwa imewashwa Sabato. Yeye ni mzee wa kanisa hapa Nyacheki. Ijumaa jua likizama, simu zote za nyumbani huzimwa na kufungiwa kabatini mpaka Jumamosi jioni. Hivyo ndivyo tulivyozikosa simu za dada yangu Nyanchoka. Mabosi wake walitoka Ijumaa usiku na Jumamosi tu, na hapo ndipo alipopata nafasi ya kuiba simu. Yeye anapiga, sisi tunamwombea. Niliumia mpaka nikamchukia Tata, kisha nikajichukia mimi.

Wakala wa mjini Kisii alikuwa amempeleka Qatar, kazi za nyumbani. Kisha kimya. Drusilla, mama wa shirika moja la Nairobi linalosaidia wasichana waliokwama huko, alimtafuta akachoka. "Huenda walimvusha mpaka," alituambia. "Nitajieni nchi tu, nitajua pa kuanzia. Bila nchi sina la kufanya."

Nchi! Zamani zilikuwa mchezo wetu. Tukichuma chai, kila mmoja kwenye mstari wake, tulishindana. Nchi gani imezungukwa pande zote na nchi nyingine moja? Lesotho. Gani ni kubwa hivyo na haina hata mto mmoja wa kudumu? Saudi Arabia. Aliyeshindwa alibeba kikapu cha mwenzake mpaka kwenye banda la kupimia chai, na mgongo wangu unajua ni nani alikuwa akishinda. Siku moja alisoma kwamba kaskazini mwa Norway, majira ya kiangazi, jua halizami kabisa. Akamfuata Tata. "Sasa Wasabato wa huko wanajuaje Sabato imeingia?" Tata akamfukuza kwa kofia, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Baada ya zile simu zilizotupita, ni Tata mwenyewe aliyenipa simu yake asubuhi ile, imewashwa. 

"Walinihamisha na gari," dada alinong'ona. "Nilikuwa na homa, nimelala huko nyuma. Sijui kama tulivuka mpaka ama tulizunguka tu. Wananifungia, Bosibori. Nitakufa hapa."

"Dirishani kuna nini?"

"Ukuta. Mapaa. Kuna bendera kwa jengo fulani, mbali."

"Rangi gani?"

"Nyeupe upande wa mlingoti, halafu nyekundu. Ama ni damu ya mzee. Jua limeichuja, siwezi jua. Hapo katikati imekatwa kama msumeno."

 Bendera za namna hiyo ni mbili, za nchi jirani. Ya Qatar, ya damu ya mzee, ina meno meupe tisa. Ya Bahrain, nyekundu, ina matano. Kama si hofu, Nyanchoka angenikumbusha yeye.

"Hesabu meno, dada. Yale meupe."

"Upepo unaikunja."

"Ngoja ikunjuke. Hesabu."

Tata alikuwa ametoka, Biblia kwapani. Alisimama karibu nami, nikasikia anavyopumua.

"Moja," alisema Nyanchoka. "Mbili. Tatu." Huko kwake mlango ulifunguliwa, mwanamume akafoka. "Nne. Tano..."

Simu ikakatika. Nilipiga, nikapiga tena. Imezimwa.

"Amesemaje?" Tata aliuliza.

"Tano."

"Kwa hivyo ni tano?"

Nilianza kutafuta namba ya Drusilla. Nyanchoka alikuwa amemaliza, au alikuwa anaelekea sita? Mpaka leo, nikichuma chai peke yangu, naisikia hiyo tano. Siku nyingine inatua kama neno la mwisho. Siku nyingine inaning'inia, na moyo wangu nao.

Drusilla alipokea papo hapo. "Amepiga? Nipe nchi, haraka, kabla hawajamhamisha tena."

Nilimtazama Tata. Mtu aliyenifundisha tangu utotoni kwamba kusema nisilolijua ni uongo, aliniashiria kwa kichwa niseme.

"Bahrain," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyehesabu mwenyewe.