Jasho la Dada, Kiuno cha Mdogo
Saa kumi na mbili na robo asubuhi fundi cherehani alisogeza meza ya kukatia hadi ukutani, akafagia nyuzi sakafuni, akaegemeza simu kwenye cherehani na kubonyeza video. Mwalimu wa video, kijana mwenye meno mengi na soksi ndefu, alitangaza masharti: mazoezi sita, sekunde arobaini kila moja, pumziko sekunde ishirini, mizunguko minne. Fundi aliruka akipanua mikono na miguu, akachuchumaa, akakimbia papo hapo magoti yakifika kiunoni. Hakuacha zoezi hata moja. Harusi ya mdogo wake ilikuwa imebakiza wiki sita, naye alikuwa amejishonea gauni la buluu lenye kiuno cha inchi ishirini na tisa. Chake kilikuwa thelathini na nne. Alitaka, kwa siku moja tu, wageni waulizane yule ni nani.

Jumamosi alimpima mdogo wake, karani wa benki, kwa ajili ya gauni la harusi. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi moja.

"Unajinyima chakula?"

"Nijinyime kwa lipi, dada? Jana nimemaliza keki ya ofisi nzima."

Fundi alijipima. Thelathini na nne. Aliandika vipimo vyote viwili, akabana gauni kwa pini.

Wiki ya pili inchi nyingine iliondoka kwa mdogo. Wiki ya tatu, fundi akiwa amelala kifudifudi juu ya viwiko, jasho likidondoka sakafuni, sauti ya mdogo wake ilitoka chumba cha pili, kitandani.

"Dada! Umefika zoezi la tumbo, eti? Nasikia langu linakaza."

"Mzunguko wa tatu."

"Basi usilegee, mpenzi. Bado mmoja."

Mama yao, nesi mstaafu, aliisikiliza habari hiyo huku akipepeta mchele.

"Mbona hata shuleni ilikuwa hivyo?" alisema. "Wewe ulikariri, mwenzio akafaulu. Nilidhani unajua."

Fundi hakuwa akijua. Alikumbuka mito na milima aliyoikariri mwaka mzima, na mdogo wake, ambaye hakuwahi kufungua kitabu cha jiografia, akiitaja yote mbele ya wakaguzi bila kukwama.

Wivu ulimkaba kama kola iliyokatwa vibaya. Kwa siku nane hakugusa video. Alikula mkate kwa siagi na jamu, asubuhi na jioni, kwa makusudi, akisubiri mdogo wake afure. Siku ya tisa alijipima: thelathini na sita. Mdogo alibaki na ishirini na saba. Kilichokuwa kikihama ni faida tu.

"Hili la buluu halitakuingia tena, dada," alisema mdogo wake akiwa tayari amelivaa. "Litanifaa fungate."

"Mpe," alisema mama. "Linakaa bure."

Fundi aliutazama mkasi kwa muda. Kisha alilibana gauni la buluu inchi mbili, maana lilimpwaya mdogo wake.

Wiki ya tano ikabainika kwamba gauni la harusi, lisilo na mikono, lilihitaji mabega mazuri zaidi. Mama mwenyewe alitafuta video ya mabega. Fundi angeweza kukataa. Lakini gauni lile lilikuwa kazi yake, na hakuwa mtu wa kuacha kazi yake ikae vibaya mwilini mwa mtu, hata kama mtu huyo ni mdogo wake. Akanyanyua chupa mbili za maji, kila siku, mizunguko mitano.

Harusini mabega ya bibi harusi yalisifiwa na pande zote mbili. Shangazi mmoja alimvuta fundi kando.

"Na wewe mwanangu, mbona hujitunzi kama mdogo wako?"

Fundi alijibu kwamba angejitahidi.

Jumatatu simu yake iliita. Aliyepiga alikuwa bwana harusi, mwenye adabu zote.

"Shemeji, pole na uchovu. Samahani kukusumbua. Mwenzangu kanidokeza lile jambo lenu. Hiki kitambi changu, je, nacho kinawezekana?"

Fundi alimwelekeza asimame wima, asivute tumbo ndani, apime kwenye kitovu. Shemeji alisoma arobaini na nne, akashukuru sana, kisha akamwomba asianze mazoezi kabla ya wiki ijayo, maana huko fungate chakula ni kizuri.