Posho ya Farasi

Farasi ya klabu ya mine ya shaba, ile nachungaka mi Kalombo, ilirudia kusaga meno na kuacha chakula. Bidonda bya tumbo, mara ya tatu mwaka huu. Citoyen Kabeya, munganga wa banyama, akaniuliza namupa nini.

"Posho!" nikajibu kwa hasira. "Ndoo ya mahindi asubui, ndoo mangaribi. Ni mutumishi wa mine kama sisi bote!"

"Na muchana muzima tumbo haina kitu? Ni ile inamuumiza. Punguza mahindi. Majani ya kukauka ikuwe mbele yake siku nzima, na majani ya luzerne kidogo, ile inatulizaka tumbo, mbele ya kumufunga tandiko. Asitumike na njaa, hata siku moja."

Bibi yangu wa ndoa, Mbombo, alikuwa amenileteya bukari ya kula muchana, akasikia yote. Anajua mi naendaka kazi na kafe tupu, kisha nashindaka nashika tumbo.

Kesho yake akafungia mu nyumba velo yangu, baiskeli ya kuendea kazi. "Uji kwanza." Nikapiga makelele, nikakunywa. Kila asubui vile vile.

Kisha mwezi moja Citoyen Kabeya akarudia, akapapasa farasi. "Huyu amepona."

Mbombo, mwenye alikuwa ameleta tena bukari, akanisukuma mbele yake, akamuuliza:

"Na huyu mungine?"