Gubiti ya Kumuaga Pili

Pili aliponiletea salamu kwamba angepanda Matombo kuniaga, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kukata miwa.

Pili ni mdogo wangu. Kwa mama tumebaki wawili tu. Mumewe, Hatibu, alikuwa na kazi ya reli mjini Morogoro, na Wajerumani wakampangia Tabora, aende na mkewe. Tabora mimi nilikuwa naisikia tu. Mtu akienda huko unamwombea Mungu, basi. Nilitaka kabla hajaondoka tule gubiti pamoja, kama tulivyokuwa tukila nyumbani. Sikutaka kingine.

Zamani baba alikuwa akitwanga miwa kwenye kinu, mama anachemsha maji yake kutwa nzima mpaka yanakuwa mazito, meusi. Anakamulia ndimu, anamimina kwenye jani la mgomba lililopakwa mafuta ya ufuta. Ikipoa kidogo ndipo inavutwa, mmoja anashika huku na mwingine kule. Mnavuta, mnakunja, mnavuta tena, hadi ule weusi unageuka rangi ya asali. Mkizubaa inaganda, na kazi yote imekwenda bure.

Sisi watoto tulipewa kuvuta mwishoni. Pili alilamba vidole, akalamba kiganja, akafika kwenye kiwiko.

"Mama, mwone huyu, ataimaliza kabla haijakatwa!"

"Sili, dada. Nanawa."

Mama akishakata humpa kila mtu kipande chake mkononi, na hapo hakuna wa kutia kinywani, hata baba, mpaka mama aulize, "Tupo wote?" Nasi tunapiga kelele, "Tupo!" Ndipo tunakula.

Sasa baba na mama wamelala makaburini pa misheni, na Benedikto, mume wangu, amelala karibu nao. Tangu nimzike Benedikto sikupika gubiti tena. Ningeivuta na nani?

Pili alifika alasiri, sufuria ikiwa imeshaiva.

"Shikamoo, dada Bernadeta."

"Marahaba, Pili."

"Mwanaasha," akanisahihisha.

"Mwanaasha ni huko kwa Hatibu. Hapa kwangu ni Pili. Nawa mikono, itaungua hii."

Akanusa, akashika kichwa. "Dada! Gubiti!"

Nilimtilia maji kwenye kata. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini kando ya kigoda. Nikamimina gubiti kwenye jani, tukangoja ipoe, tukaishika.

"Unavuta kama kizee," akasema.

"Na wewe mjini umenenepa, unanivuta na mimi mzima mzima!"

Tukacheka hadi ikataka kututoka mikononi. Ilianza kung'aa. Donge dogo likamnata Pili kwenye kidole gumba. Akalitazama, akalifuta kwenye jani.

Pili, kufuta!

Nikamtazama vizuri. Midomo ilikuwa imemkauka, nyeupe pembeni. Kata ilikuwa palepale, imejaa.

"Pili, mwezi umeandama?"

"Juzi."

"Mbona husemi?"

"Nimekuta sufuria jikoni, dada. Ningesema nini?"

Huku kwetu juu sisi tunakwenda na kengele ya misheni. Kwaresima naijua, sikukuu za Bikira Maria nazijua zote. Mwezi wa wenzetu sikuukumbuka kabisa, na mdogo wangu wa tumbo moja yumo ndani yake.

"Lakini wewe ni msafiri," nikasema. "Hata mwalimu wenu anawaruhusu wasafiri."

"Anaruhusu. Ila nimelala hapo chini kwa shangazi yake Hatibu, nikanuia, nikaamkia funga yangu. Wewe dada, Kwaresima ungekula kwa ajili yangu?"

Nisingekula, naye anajua.

"Basi vuta," akasema, "itaganda."

Tukavuta mpaka ikawa rangi ya asali. Nikaikata. Vipande vyake nikavifunga kwenye majani makavu ya mgomba.

"Kaa mpaka magharibi, Pili. Ufuturu hapa."

"Wenzangu wa safari wananingoja mtoni. Alfajiri tunaondoka, na njia ile unaijua." Akatia furushi kwenye upindo wa kanga. Kisha akanishika mkono. "Usile kabla yangu."

"Nitajuaje kama umekula?"

"Kengele yenu ya jioni si inagongwa jua likizama? Mtoni inasikika. Ikilia tu, nafungua."

Akateremka. Niliiona kanga yake nyekundu kati ya migomba, ikapotea, ikaonekana tena mara moja kwenye kona ya jiwe, halafu basi.

Nikakaa kizingitini na kipande changu mkononi. Kilianza kulainika kwa joto la kiganja, nikakihamishia mkono mwingine. Jua likaingia nyuma ya mlima. Kengele ikalia.

Nilisali Malaika wa Bwana yote, sikuruka neno. Nilipomaliza nikasema kwa sauti, "Tupo wote?"

Kuku walikuwa wameshaingia. Moto jikoni ulikuwa umebaki majivu. Nikangoja kidogo, kiasi cha mtu kufungua furushi la majani, ndipo nikatia kinywani.

Ndimu ilikuwa imezidi. Nikageuka kumwambia Pili.