Vyoo Visivyo na Mashimo

Choo cha kwanza kilipomtokea machoni, Bi Mipango alifurahi. Alidhani watu wa bondeni wameanza kujali afya zao. Cha pili kikamfanya akunje uso. Walipofika kwenye kona ya shule, ambako vyoo vipya vilijipanga kando ya barabara, vyote upande uleule mmoja, alimwambia Futi asimamishe gari. Akashuka, akasukuma mlango wa bati wa kimojawapo, akachungulia. Hakukuwa na shimo. Kulikuwa na majani tu, yaleyale yaliyoota kabla kuta hazijainuka.

"Wamejenga ili wabomolewe," alisema Futi, huku akivuta utepe wake apime. "Bomba likipita hapa, kila ukuta unalipwa fidia. Kuna mtu kateleza ulimi."

"Au kauza," alisema Bi Mipango.

Futi alikuwa mpima wa ofisi ya maji, na jina hilo alibandikwa kwa sababu ya utepe usiombanduka mkononi. Yeye, Bi Mipango na mkuu wao ndio pekee waliojua bomba kuu litapita upande gani wa barabara. Mchoro ulikuwa haujatangazwa. Sasa nani angewatonya watu? Mkuu? Mkuu hata njia ya kwenda stoo alikuwa akiuliza.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mfuko wa maji wa kanda ulikuwa na fedha za mradi mmoja tu, wilaya mbili zikizigombea, na Bi Mipango alikuwa ameupigania mradi wa bondeni kwa udi na uvumba. Sharti la mfuko lilikuwa wazi: fidia ikizidi kiwango, mradi unawekwa kando, fedha zinakwenda kwa wenzao. Huku bondeni ndiko alikoishi mama yake, mwenye magoti mabovu, akinunua kwa mwenye mkokoteni maji ambayo hata ukiyachuja yanabaki na rangi ya chai.

Basi kila alichofanya Futi kikawa ushahidi. Mwenye duka alimsalimia kwa furaha: wamejuana wapi? Simu iliita akasogea pembeni kuongea: anaficha nini? Viatu vyake vilikuwa vipya, na mshahara wao anaujua. Hata alipocheka ikawa kosa, maana mtu mwenye moyo safi angecheka nini mbele ya balaa kama lile?

Hasira zikamjaa. Alirudi garini, akapandisha kioo, akampigia mkuu.

"Ni Futi. Amewauzia watu mchoro."

"Una uhakika? Mtu ana familia, huyu."

"Kama nilivyo na uhakika na jina langu."

Mkuu alishusha pumzi. "Haya. Nitampigia mwenyewe nimwambie asirudi ofisini." Bi Mipango alikata simu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajisikia vizuri.

Nyumba ya mwisho kwenye njia ya bomba ilikuwa ya mama yake. Walimkuta mlangoni, anawangoja kwa tabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu na wewe, baba," alimwambia Futi. Kisha akamshika binti yake mkono na kumkokota hadi upande wa barabara, Futi akiwafuata na utepe wake. Hapo palikuwa na choo, kuta bado mbichi.

"Mama! Hiki nini?"

"Si nilikuelewa!" Mama alishusha sauti, ingawa Futi alikuwa hatua chache tu nyuma yao. "Niliposema nataka kujenga choo, ukaniambia kwenye simu, 'Chonde mama, usijenge upande wa barabara.' Nikasema, mtoto wangu wa maji hakatazi bure, kuna kitu kinapita. Kazi yake tu haimruhusu kusema wazi. Nikawaambia na majirani. Ningekula peke yangu, wangenionaje?" Akagonga ukuta kwa fahari. "Na changu kina shimo. Mimi si tapeli."

Bi Mipango aliikumbuka simu ile. Alikuwa akikoroga sufuria, akamhurumia mama yake asije akavunjiwa choo chake, akasema sentensi moja, akaendelea kukoroga. Wala haikuwahi kumjia kwamba ile nayo ni siri ya ofisi. Aibu ilimpanda mwili mzima.

Aligeuka. Futi alikuwa amesikia kila neno. Hakucheka safari hii.

"Na hiki, dada," aliuliza taratibu, "nikihesabu?"

Kabla hajajibiwa, simu yake iliita. Akaitazama, akashangaa.

"Mkuu. Anataka nini na mimi saa hizi?"

Bi Mipango alinyoosha mkono.

"Nipe," alisema. "Hiyo ni yangu."