Mpelelezi wa Saa Kumi

Jirani wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima humwita Redio, anasema alimwona kwa macho yake mawili. Alikuwa anaanua nguo, saa kumi na nusu za jioni, ndipo mwanamume mwenye kofia na koti refu akatoka kwenye dirisha la nyumba ya fundi televisheni. Alipita ubavu katikati ya nondo kama barua inavyopita chini ya mlango. Alikuwa wa kijivu mwili mzima, kuanzia kofia hadi soksi. Alimwamkia vizuri tu, akainama chini ya kamba ya nguo, akakata kona.

"Na masharubu anayo," Redio alimwambia fundi kibandani kwake asubuhi iliyofuata, wateja wanasikia. "Yamechanwa hasa. Mimi sisemi kitu, jirani. Nimekuja kuuliza tu kama pasi yangu imepona."

Pasi ilikuwa haijapona. Fundi aliinama juu yake, akajiunguza kidole, na wala hakusikia. Ukijivu haukumsumbua, maana nusu ya watu aliowahi kuwarudisha kwenye kioo walikuwa wa kijivu. Kilichomkaa kooni ni masharubu. Yeye alijaribu kuyafuga miaka miwili, yakagoma.

Tena mlango alikuwa ameufunga mwenyewe. Kila asubuhi alitoka, akatia kufuli kwa nje, akalivuta mara mbili, akaondoka na ufunguo. Alifanya hivyo tangu wiki ya harusi, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Ukimuuliza, atakwambia mtaa una wezi.

Siku hiyo alifunga kibanda mapema. Sebuleni kwake palikuwa na televisheni ya zamani ya mbao, yenye miguu minne na vimilango viwili mbele kama kabati. Ilishika kitu kimoja tu: mchezo wa kale wa mpelelezi anayejigeuza, kila siku saa kumi kamili. Leo bawabu, kesho mpishi, keshokutwa daktari wa meno. Wahalifu hawakumtambua hata siku moja, ingawa masharubu yalikuwa yale yale. Mwishoni alimwekea mhalifu mkono begani, na muziki ukapigwa.

Saa kumi na robo mpelelezi alitoa mguu mmoja kwenye kioo, kisha wa pili, akasimama kwenye zulia. Mke wa fundi alikuwa ameshaweka vikombe viwili mezani. Alipomwona mumewe, akaongeza cha tatu.

"Huyu anafuata nini humu?" fundi aliuliza.

"Chai," mkewe alisema. "Kule kwao wanamiminiwa tu. Kabla hawajainywa, mtu anapigwa risasi."

Fundi alikaa. Aliona jinsi mkewe alivyokigeuza kikombe, mshikio wake uelekee kwa mgeni. Yeye hakukumbuka kugeuziwa kikombe. Alikunja ngumi, akaikunjua. Fundi hapigi kitu kinachofanya kazi. Alingoja mkewe aende jikoni, kisha akamsogelea mgeni.

"Ndugu yangu, wewe kazi yako si kuchunguza watu?"

"Ndiyo kazi."

"Basi nichunguzie mke wangu. Kuna mwanamume anaingia humu nikiwa kazini."

Mpelelezi alitoa daftari, akaandika. "Asinijue?"

"Asikujue kabisa."

Wiki iliyofuata alifanya kazi kwa bidii. Mchana kutwa alimtazama mwanamke kupitia kioo kilichozimwa, na saa kumi na robo akatoka amejigeuza. Jumatatu alikuwa msoma mita. Jumanne, fundi bomba. Jumatano, mchuuzi wa vitabu. Alhamisi, karani wa sensa. Mke wa fundi alimpa chai kila siku na, kwa adabu, hakuonyesha kama anamjua.

Ijumaa fundi alikaa ukingoni mwa kiti kusikiliza. Mkewe alikuwa anapanga vikombe.

"Jumatatu," mpelelezi alisoma, "mtuhumiwa alisimama dirishani saa mbili nzima. Jumanne alipima chumba kwa hatua. Kumi na nne. Jumatano akapima tena. Kumi na nne. Alhamisi mwanamke mdogo anayefanana naye alikuja dirishani, akasema mama yao hainuki tena kitandani na anamtaja yeye. Mtuhumiwa akajibu, nitakuja. Mpaka sasa hajaenda."

"Sikukuuliza hayo! Wanaume. Wanaume gani wanaingia?"

Mpelelezi aligeuza kurasa, akahesabu kwa uaminifu. "Msoma mita. Fundi bomba. Mchuuzi wa vitabu. Karani wa sensa. Wote wana masharubu."

"Nilijua!" fundi alisema. "Nilijua mimi!"

"Na mhalifu nimempata," mpelelezi alisema.

Alifunga daftari, akamwekea fundi mkono begani. Ulikuwa wa baridi kama kioo. Muziki ukapigwa ndani ya televisheni. Kisha akamvulia kofia mke wa fundi, akamaliza chai yake, akarudi alikotoka.

Jumamosi fundi alinunua kufuli la pili, dogo, akafunga vimilango vya televisheni. Ufunguo wake aliutia kwenye pete moja na ule mwingine. Alama ya vidole vitano vya kijivu ilibaki begani. Haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, na kila shati alilovaa lilipauka mahali hapo hapo. Wateja wakiuliza, aliwaambia ni vumbi la kazi. Redio alisema vumbi gani lenye kidole gumba, na pasi yake je?

Jumatatu asubuhi alitoka, akafunga mlango. Sauti ya mkewe ilitokea upande wa pili wa mlango, karibu sana.

"Fundi. Nimeshavaa. Mdogo wangu kapita tena jana, anasema mama hali chochote. Niachie ufunguo leo tu. Ukirudi utanikuta."

Fundi alilivuta kufuli mara mbili, kuona kama limeshika.